Maswali ya wasomaji: Imsakia ya zamani katika kompyuta mpya

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mpiga chapa mdogo hapa Chake Chake. Tangu mwaka 2003 nimekuwa nikitengeneza kadi za harusi, shahada za vyuo vya Qur-ani, mitihani ya skuli na, kila unapokaribia Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, imsakia za misikiti, yaani majedwali ya nyakati za kufunga na kufuturu. Kazi hizo zote nimezifanya kwa CorelDRAW 11, programu ya michoro, na PageMaker 6.5, programu ya kupanga kurasa, katika kompyuta ya Windows XP, ambayo sasa inazimika yenyewe kila baada ya saa moja. Mwanangu ameniletea kutoka Unguja kompyuta mpya yenye Windows 11. Nilipotia CD ya PageMaker, kompyuta ilinijibu kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa humo. CorelDRAW ilikubali kuingia, lakini maandishi ya menyu ni madogo mno kwa macho yangu, mipangilio ninayoiweka leo kesho siikuti, na Kiarabu cha imsakia kimegeuka vialama visivyosomeka. Je, kazi zangu za miaka ishirini zimepotea? Na ni lazima nianze kulipia programu mpya kila mwezi?
Mpiga chapa, Chake Chake, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Kazi zako hazijapotea, na kwa maelezo uliyoyatoa sioni hata moja ambayo haiwezi kufunguliwa tena. Hatari iliyopo iko kwenye ile kompyuta kongwe, kwa hiyo nakuomba uiache kwanza hiyo mpya na uishughulikie ya zamani wakati bado inawaka.

Kompyuta inayozimika baada ya saa moja mara nyingi inazimika kwa joto. Ifungue ubavu ikiwa imechomolewa kwenye umeme, utoe vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu ya kichakato, kisha uiwashe asubuhi kabla jua halijapanda. Saa moja ya kila asubuhi inatosha kufanya kazi ninayokueleza, ukiigawa kwa siku kadhaa. Ikiwa itakataa kabisa kuwaka, usiitupe, kwa sababu diski yake inaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta mpya kwa waya wa adapta wa USB, na faili zikasomwa kama zinavyosomwa kwenye flashi.

Nakili faili zote za kazi, si zile tu unazokumbuka kwamba unazitumia. Baada ya hapo nakili folda nzima ya fonti, yaani C:\Windows\Fonts, na hili ndilo ambalo wapiga chapa wengi hulisahau. Faili ya CorelDRAW kwa kawaida haibebi fonti ndani yake. Hubeba jina la fonti tu, na kompyuta isiyokuwa na fonti hiyo huweka nyingine mahali pake bila ya kujali kwamba mistari imeruka na kadi imeharibika. Ikiwa ulikuwa ukitumia fonti za aina ya Type 1, ambazo watumiaji wa PageMaker wa miaka ile walizipenda sana, hakikisha kila fonti unaichukua pamoja na faili zake mbili, ya pfb na ya pfm. Ujue pia kwamba Adobe, kampuni ya PageMaker, iliacha kuzikubali fonti hizo katika programu zake mwezi wa Januari 2023, kwa hiyo huko mbele utahitaji kuzibadilisha.

Kisha fungua kila kazi yenye thamani katika kompyuta hiyo hiyo ya zamani na uitolee PDF. CorelDRAW 11 ina uwezo huo ndani yake. PDF hiyo hubeba fonti na huonesha kazi ilivyokuwa siku uliyoimaliza, nayo itakuwa shahidi wako: kila utakapofungua faili katika programu mpya utaiweka karibu na PDF na kulinganisha. Kwa kazi ambazo hazitabadilishwa maneno, kama vile nembo za maduka na fremu za mapambo ya shahada, tengeneza nakala nyingine ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro kwa kubonyeza Ctrl na Q. Nakala hiyo haitahitaji fonti yoyote tena. Weka mafungu mawili ya vitu hivi vyote katika diski mbili, moja dukani na moja nyumbani, kwa sababu chumvi ya hewa yetu na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu havihurumii diski.

Sasa tuje kwenye kompyuta mpya. Programu zako mbili zimekataa kwa sababu mbili tofauti, na ni vyema kuzielewa ili usipoteze siku zako kwa jambo lisilowezekana.

PageMaker 6.5 ni ya miaka ya tisini. Wakati ule dunia ilikuwa ikihama kutoka programu za biti 16 kwenda za biti 32 (biti hizo ni kipimo cha data ambayo kichakato hushughulikia kwa mara moja), na kampuni nyingi ziliuza programu ambayo yenyewe ilikuwa ya biti 32, lakini kisakinishi chake kilikuwa bado cha biti 16. Windows ya biti 64 iliondolewa kabisa sehemu iliyokuwa ikiziendesha programu za biti 16. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 ambalo liliweza kuzipokea, lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina toleo la biti 64 peke yake. Ndiyo maana ukapata jibu lile, na hakuna mpangilio ndani ya Windows 11 wenyewe utakaolibadilisha. Nimewaona vijana wakikesha wakijaribu kila kitufe kwa ajili ya ujumbe kama huo, na moyo uliniuma, kwa sababu mlango waliokuwa wakiubisha hauna nyumba nyuma yake.

CorelDRAW 11 ni ya mwaka 2002 na ni ya biti 32, na programu za biti 32 Windows 11 bado inazipokea. Ndiyo maana iliingia. Kupotea kwa mipangilio yako kunatokana na ruhusa. Katika Windows XP programu kwa kawaida iliweza kuandika popote ilipotaka, na programu za wakati ule zilikuwa zikihifadhi mipangilio yake ndani ya folda ya Program Files. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika humo, na Windows ama huizuia au huyapeleka maandishi hayo kimya kimya katika folda nyingine iliyofichika, inayoitwa VirtualStore. Iondoe CorelDRAW, kisha uisakinishe upya katika folda yake ya peke yake, kwa mfano C:\Corel, na utaona mipangilio inabaki. Ikiwa menyu au visanduku vya zana vimevurugika, katika matoleo mengi ya CorelDRAW kuishikilia F8 wakati programu inafunguka hurudisha uwanja wa kazi ulivyokuwa mwanzo.

Udogo wa maandishi unatokana na skrini. Skrini za leo zina nukta nyingi zilizobanana, na programu ya mwaka 2002 haijui hilo. Huchora herufi kwa idadi ile ile ya nukta, nazo zikatoka ndogo. Bonyeza alama ya CorelDRAW kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua mstari ulioandikwa Properties, kisha ukurasa wa Compatibility. Humo utakuta mahali pa kuiambia Windows ijifanye kuwa ni XP kwa ajili ya programu hii tu, na chini yake mahali pa mipangilio ya skrini ambapo utauachia mfumo kazi ya kukuza maandishi. Herufi zitakuwa na ukungu kidogo, lakini zitasomeka, na kazi utakayochapa haitaathirika kwa sababu ukungu huo uko kwenye skrini pekee.

Nimeliacha suala la Kiarabu hadi sasa kwa kuwa linahitaji maelezo marefu, na kwa kuwa naamini ndilo lililokutia hofu kuliko mengine. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Programu za zamani zilitumia nambari moja, kati ya 0 na 255, kwa kila herufi, na kwa kuwa nafasi hizo hazitoshi kwa lugha zote, kila eneo la dunia lilikuwa na jedwali lake la kusomea. Katika jedwali la Kiarabu la Windows, linaloitwa 1256, nambari 199 ni alifu. Katika jedwali la Ulaya Magharibi, linaloitwa 1252, nambari hiyo hiyo ni herufi Ç. Kwa hiyo neno السلام lililoandikwa kwa jedwali la kwanza likisomwa kwa la pili hutokea kama ÇáÓáÇã. Nina hakika kubwa kwamba vialama ulivyoviona ni vya namna hiyo. Maandishi yako ni mazima, kila nambari iko mahali pake, na kinachokosewa ni jedwali la kusomea.

Dawa yake ni kuiambia Windows itumie jedwali la Kiarabu kwa programu zote za zamani. Nenda kwenye Control Panel, fungua sehemu ya Region, ukurasa wa Administrative, na katika lugha ya programu zisizotumia Unicode, yaani jedwali moja la herufi za lugha zote, uchague Kiarabu. Hapo hapo kuna kisanduku kinachotaja UTF-8, ambayo ni namna ya kuihifadhi Unicode hiyo. Kiache bila alama, kwa kuwa kukiweka alama kutarudisha uharibifu ule ule kwa njia nyingine. Kompyuta itaomba kuzimwa na kuwashwa. Mpangilio huu unahusu kompyuta nzima, na mtu anayeandika Kifaransa au Kireno kwa programu za zamani angeathirika, lakini Kiswahili chetu kinatumia herufi za kawaida zisizo na alama juu yake, zilizo katika nafasi zile zile kwenye majedwali yote mawili, kwa hiyo kadi zako za harusi hazitaguswa.

Kabla ya kuchapa imsakia yoyote iliyohamishwa, nakusihi ukae na mtu wa pili, mmoja asome PDF ya zamani na mwengine afuate kwenye skrini, mstari kwa mstari. Kuna fonti za Kiarabu zilizochora tarakimu za Kiarabu katika nafasi za 1, 2, 3 za kawaida, na fonti ikibadilika tarakimu nazo hubadilika sura. Kuna majedwali ambayo safu zake husogea upande mmoja bila ya mtu kutambua, wakati wa Alfajiri ukaangukia siku isiyokuwa yake. Kadi ya harusi ikikosewa, wenye harusi watalalamika na utaichapa upya. Imsakia ikikosewa, watu watafunga na kufuturu kwa makosa yale.

Imebaki PageMaker, nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta. VirtualBox ya kampuni ya Oracle hufanya kazi hiyo bila malipo, na inakubali hata katika Windows 11 ya toleo la Home. Ndani yake utasakinisha Windows XP kama unavyofanya katika kompyuta halisi, ukiipa kumbukumbu ya gigabaiti moja na diski ya gigabaiti 20, ambazo kompyuta yako mpya hata haitazihisi. XP hiyo ni ya biti 32, kwa hiyo kisakinishi cha biti 16 kitakubalika humo kama zamani. Ikiwa VirtualBox itagoma kuanza, mara nyingi ni kwa sababu uwezo wa kuigiza umezimwa katika mipangilio ya awali ya kompyuta, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaamka, na fundi ataiwasha kwa dakika chache. Kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kutia CD, tafuta kisomaji cha nje cha USB, na ukiwa nacho ugeuze CD zako zote kuwa faili za iso, yaani nakala kamili za CD ndani ya kompyuta, kwa sababu nazo zinazeeka.

Mashine pepe hiyo usiiunganishe na intaneti. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na tangu hapo kila tundu linalogunduliwa hubaki wazi. Peleka na utoe faili kwa folda ya pamoja kati ya mashine pepe na kompyuta yenyewe. Kuhusu leseni, XP iliyokuja ndani ya kompyuta wakati wa kununuliwa kwa kawaida imefungwa na kompyuta hiyo hiyo, ilhali ile iliyonunuliwa peke yake katika boksi inaweza kuhamishwa. Angalia karatasi zako. Usikubali diski za mtaani zenye programu zilizovunjwa kufuli. Mteja wangu mmoja aliletewa moja, na virusi vilivyokuwemo vikala kazi za miezi minne.

Uzuri wa mashine pepe ni kwamba yote imo ndani ya folda moja. Ukiinakili folda hiyo kwenye diski ya nje, siku kompyuta hii ya Windows 11 itakapokufa utaiweka kwenye nyengine na PageMaker itafunguka ilivyokuwa.

Njia ya pili ni kuzitoa kazi ndani ya PageMaker moja kwa moja. LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure, inafungua faili za PageMaker na za CorelDRAW pia, ingawa mpangilio wa kurasa huhitaji kunyooshwa kwa mkono. InDesign, programu ya Adobe iliyorithi nafasi ya PageMaker, ilikuwa ikizifungua faili za PageMaker kuanzia toleo la 6.0, lakini uwezo huo uliishia kwenye CS6 ya mwaka 2012. InDesign za sasa haziwezi. Ikiwa unamjua mwenzako wa Wete au Mjini Unguja ambaye bado ana CS6, mpelekee mitihani na shahada hizo, akufungulie na akuhifadhie kwa muundo wa IDML, ambao InDesign mpya huusoma.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama ni lazima kulipia kila mwezi. Hapana. Ushauri wangu ni uitumie CorelDRAW 11 na mashine pepe kuwa ufunguo wa ghala la kazi za zamani, lakini kazi mpya, kuanzia kadi ya harusi ijayo, uianze katika programu ambayo bado ina watu wanaoitunza. Kwa kurasa na majedwali kama imsakia ningechagua Scribus, ambayo ni ya bure, inazijua vizuri rangi nne za uchapaji, na tangu toleo la 1.6 la mwaka 2024 inaandika Kiarabu kwa kuunganisha herufi ipasavyo kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa nembo na michoro, Inkscape, nayo ya bure, hufungua faili nyingi za CorelDRAW; udhaifu wake ni katika rangi nne hizo, kwa hiyo kazi ya ofseti imalizie kwenye Scribus. Ukiona mkono wako umezoea CorelDRAW mno kiasi cha kutoweza kuiacha, toleo la sasa linafungua faili za 11, na lina kipindi cha majaribio kinachotosha kukuonesha kama fedha hizo zina faida kwako.

SWALI: Nina kompyuta ya Mac ambayo nimeitumia kwa vipeperushi vya wageni hapa Mji Mkongwe. Nilipokubali kuisasisha, programu zangu kadhaa zimepigwa alama ya kukatazwa, na FreeHand, programu yangu ya kuchorea, haijafunguka kwa muda mrefu sasa. Naweza kurudi nyuma?
Msomaji wa Shangani, Unguja

JIBU: Apple ilikata kabisa programu za biti 32 katika macOS Catalina, iliyotoka Oktoba 2019. Mfumo wa mwisho kuzipokea ni Mojave. Ikiwa Mac yako ni ya kichakato cha Intel na ilitengenezwa kabla ya Catalina, unaweza kuisakinisha Mojave katika diski ya nje na kuiwasha kutoka humo unapohitaji, bila ya kuugusa mfumo mpya. Mac zenye vichakato vya Apple yenyewe, vilivyoanza Novemba 2020, hazikubali Mojave kwa njia hiyo. FreeHand ina habari ngumu zaidi. Toleo lake la mwisho, MX la mwaka 2003, liliandikwa kwa vichakato vya PowerPC, vilivyotangulia vya Intel katika Mac, na mkalimani aliyeziwezesha programu hizo kufanya kazi kwenye Intel, Rosetta ya kwanza, aliondolewa katika Mac OS X Lion mwaka 2011. Kwa hiyo Mojave nayo haitakusaidia kwa hilo. Jaribu kuzifungua faili za FreeHand kwa LibreOffice Draw, kisha uzihifadhi kwa SVG, muundo wa michoro unaosomwa na programu nyingi. Na kama kuna Mac ya zamani yenye Snow Leopard, mfumo uliotangulia Lion, imefunikwa kitambaa kwenye ofisi yoyote ya jirani, iombe kwa wiki moja kabla hawajaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

SWALI: Nina mashine ya kukatia stika inayoingia kwenye tundu pana la printa la zamani, na programu yake inataka kifunguo kidogo cha kuchomeka. Nimenunua waya wa kugeuza kuwa USB lakini Windows 11 haiioni mashine. Nifanye nini?
Msomaji wa Mwanakwerekwe

JIBU: Windows ya biti 64 haipokei draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa) ya biti 32 kwa hali yoyote, na hili ni tofauti na programu za kawaida. Muulize muuzaji kama mtengenezaji ametoa draiva ya biti 64. Kama hakutoa, hapo ndipo njia hiyo inapoishia. Nyaya hizo za kugeuza huwa zimetengenezwa kwa ajili ya printa tu, na vifunguo pamoja na mashine za kukatia mara nyingi havielewani nazo. Kifunguo kikiwa ni cha USB, VirtualBox inaweza kukikabidhi kwa Windows XP ya ndani, na nimeona hilo likifanya kazi. Kikiwa cha tundu pana kama mashine yenyewe, ningeiacha kompyuta ya XP ibaki kuihudumia mashine hiyo peke yake, bila intaneti, ikiwa na kituliza umeme chake, na michoro uitengeneze kwenye Windows 11 kisha uipeleke kwa flashi iliyokaguliwa virusi.